Mtu au chama? Majibu kwa wasomaji kuhusu suti, mgombea huru na mafiga matatu

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya utafanyika Jumanne, 10 Agosti 2027, na barua za wasomaji zimeanza kuja mapema. Nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, nimpe kura mtu ninayemwamini hata kama chama chake sikitaki, au hata kama hana chama kabisa? Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

Ninaishi Voi. Katika uchaguzi uliopita vijana wa kampeni walituambia tupige "suti kamili", yaani karatasi zote sita kwa chama kimoja, vinginevyo kura zetu zitaharibika. Je, ni kweli? — Msomaji, Taita Taveta

Si kweli hata kidogo. Kila karatasi ni uchaguzi wake, ina sanduku lake, fomu yake na mshindi wake. Unaweza kumpa rais wa chama kimoja, gavana wa chama kingine, na Mwakilishi Wadi asiye na chama, na kura zote sita zikawa halali. Hakuna karani wala mashine inayolinganisha karatasi zako. Maneno ya suti ni ya jukwaani tu, na wanasiasa wanayapenda kwa sababu mgombea dhaifu hubebwa na mwenye nguvu aliye juu yake.

Wapiga kura wa Kenya wameshachanganya mara nyingi. Mwaka 2022 Raila Odinga aliongoza kura za urais jijini Nairobi, lakini ugavana ukachukuliwa na Johnson Sakaja wa UDA, chama cha William Ruto, huku useneta ukienda kwa Edwin Sifuna wa ODM, chama cha Raila. Kwale pia walimpa Raila kura nyingi za urais na papo hapo wakamchagua Fatuma Achani wa UDA kuwa gavana. Huko kwenu Taita Taveta ugavana ulichukuliwa na Andrew Mwadime, mgombea huru, akimwangusha gavana aliyekuwa kitini.

Kinachoharibu kura ni mambo mengine. Kuweka alama kwa wagombea wawili kwenye karatasi moja. Kuandika jina lako, au chochote kinachokutambulisha. Kuacha karatasi tupu. Au alama iliyokaa kati ya wagombea wawili kiasi kwamba afisa hawezi kujua ulimkusudia nani. Weka alama moja tu, ndani ya kisanduku cha mgombea wako, kisha subiri wino ukauke kabla ya kukunja, maana wino mbichi hujichapa upande wa pili na kuzua ubishi wakati wa kuhesabu. Halafu tazama rangi: karatasi ya urais ni nyeupe, ugavana buluu, useneta manjano, Mwakilishi wa Kike zambarau, ubunge kijani, na ya Mwakilishi Wadi ni rangi ya udongo mwepesi. Kila moja iende kwenye sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Anayechanganya wagombea ana haja ya kuwa makini kuliko mpiga suti, kwa sababu hawezi kufuata alama ya chama peke yake. Andika majina sita nyumbani, uyakariri, na ujue kila mmoja ana alama gani.

Mbunge wetu ni mchapakazi, lakini chama chake sikitaki. Nikimpigia kura yeye, je, chama nacho kinapata kitu? Wengine wanasema "unachagua mtu tu." — Msomaji, Kakamega

Chama kinapata, tena vitu viwili, na ni vyema ukavijua kabla ya kuingia kituoni.

Cha kwanza ni viti vya orodha. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneobunge, Wawakilishi wa Kike 47, na wengine 12 wanaoteuliwa na vyama. Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa: wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Mabunge ya kaunti yana wadi 1,450 nchi nzima, na juu yake kuna viti maalum vya kusawazisha jinsia na vya makundi yaliyotengwa. Viti hivi vya uteuzi hugawiwa vyama kwa uwiano wa viti ambavyo kila chama kimeshinda. Tuchukue mfano wa kubuni: kaunti ina wadi 30, chama fulani kimeshinda 15, na viti maalum ni 12. Chama hicho kitapata takriban viti sita vya bure, na watakaovikalia ni watu ambao jina lao hukuliona kwenye karatasi yoyote. Mwakilishi Wadi wako mchapakazi anaweza kuwa ndiye aliyekamilisha hesabu ya kumwingiza mtu usiyemtaka kabisa.

Watu hao hawajafichwa. Vyama vinatakiwa kuwasilisha orodha zao kwa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Itafute orodha ya chama cha mtu wako na usome majina kumi ya mwanzo, kwa sababu viti hugawiwa kwa kufuata mpangilio huo. Ukikuta shemeji wa kiongozi wa chama na mfadhili wake juu, na mtetezi wa kweli wa walemavu akiwa mkiani, umepata sababu halali ya kufikiria upya. Huwa tunasikitika kuona orodha hizi zikijadiliwa baada ya uchaguzi, wakati wakili na hakimu ndio pekee wanaoweza kufanya jambo.

Cha pili ni pesa. Sheria ya Vyama vya Siasa imeanzisha Hazina ya Vyama vya Siasa, na imetaka itengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu. Sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo hugawanywa kwa kuhesabu kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi mkuu uliotangulia, na kura zinazohesabiwa si za urais pekee. Hujumlishwa za urais, ubunge, ugavana na uwakilishi wadi. Kwa hiyo kura yako kwa mbunge, hata kama hakupita, inaingia katika hesabu ya mgao wa chama chake.

Hii haina maana kwamba umnyime kura mtu mwema. Sisi tunadhani kwamba kwenye ubunge mtu ana uzito kuliko chama iwapo rekodi yake ni ya kweli. Ila usiseme "chama hakinihusu", kwa sababu chama kilichoko nyuma ya mtu huyo kitakuwa kinalipwa kwa kura yako miaka mitano.

Nataka kugombea uwakilishi wadi 2027 bila chama. Nianzie wapi, na wengi hukwama wapi? — Msomaji, Kilifi

Ndugu yetu, anzia kwenye uanachama wako, hata kama huna habari kwamba ni mwanachama. Katiba, Kifungu cha 85, inamkataza mgombea huru kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027 ina maana uwe umeshatoka kabla ya 10 Mei. Wakenya wengi waligundua mwaka 2021 kwamba majina yao yako kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leo, fungua huduma za Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, utazame nambari yako ya kitambulisho inaonyesha nini.

Ukikuta umo, jiuzulu kwa barua. Kisheria kujiuzulu huanza kufanya kazi pale chama kinapoipokea barua, wala si siku uliyoiandika. Hapo ndipo wengi huangukia. Wanatuma barua kwa simu ya rafiki, ofisi ya chama inasema haijaona kitu, na mpinzani anakwenda mahakamani na nakala ya daftari inayoonyesha jina lako bado lipo. Peleka barua mwenyewe kwenye ofisi ya chama, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, kisha upeleke nakala nyingine kwa Msajili, na baadaye umwombe barua ya kuthibitisha kwamba huna chama. Kama tayari u Mwakilishi Wadi kwa tiketi ya chama, fahamu kwamba barua huenda pia kwa karani wa bunge la kaunti, na kwamba ukijiuzulu chama umejiuzulu na kiti.

Kuna wanaosubiri kura za mchujo kwanza. Wakishindwa ndipo wanapogeuka wagombea huru. Mwaka 2022 vyama vilifanya mchujo kati ya 16 na 22 Aprili, na uchaguzi ulikuwa 9 Agosti, kwa hiyo aliyeanguka tarehe 22 alikuwa na siku kama 17 tu za kujiuzulu, kupata uthibitisho na kupanga makaratasi. Njia hiyo ipo, lakini ni nyembamba, na mpiga kura naye huiona. Aliyekuwa akikisifu chama Machi na kukitukana Mei ana kazi kubwa ya kueleza.

Ukiwa mtumishi wa umma, yaani mwalimu aliyeajiriwa na TSC (tume ya walimu), muuguzi wa kaunti, chifu na wengine wa aina hiyo, sheria ya uchaguzi inataka uache kazi angalau miezi sita kabla. Hapo tarehe yako ni Februari.

Kisha saini. Kwa uwakilishi wadi unahitaji wapiga kura 500 waliosajiliwa ndani ya wadi hiyo hiyo. Kwa ugavana, jambo linalowashangaza wengi, ni hao hao 500, ila wa kaunti. Mbunge anahitaji 1,000 wa eneobunge lake, seneta 2,000 wa kaunti, na mgombea huru wa urais 2,000 katika kila kaunti kwa kaunti zisizopungua 24, yaani 48,000. Kusanya 650 au 700, usitosheke na 500. Kati ya watu mia watakaokutilia saini sokoni, kuna aliyesajiliwa wadi ya jirani, kuna aliyekosea tarakimu moja ya kitambulisho, na kuna aliyeshatia saini kwa mwingine akasahau. Wape wasaidizi wako nakala ya daftari la wapiga kura la wadi na walinganishe jina kwa jina jioni ile ile. Orodha iliyokaguliwa wiki ya mwisho haitengenezeki tena.

Alama yako ya kampeni ipeleke IEBC angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi. Isifanane na alama ya chama chochote, na iwe kitu ambacho bibi wa miaka 80 atakitambua kikiwa kidogo na kimechapwa vibaya. Chagua jembe, ndoo, mwavuli au kitu kama hicho, maana picha ya mkono ulioshika mwenge juu ya kitabu itaonekana doa. Uwe na mbili au tatu za akiba, kwa kuwa mwingine anaweza kukutangulia. Ada ya uteuzi kwa uwakilishi wadi imekuwa shilingi 5,000, na kwa ubunge 20,000, huku wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wakilipa nusu. Ratiba kamili huchapishwa na tume kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Ifuate hiyo, wala usifuate ujumbe wa WhatsApp.

Sasa tuje kwenye jambo linalowamaliza wagombea huru wengi kuliko lolote: maajenti. Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, na mwaka 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229. Ukigawa kwa wadi 1,450 unapata vituo kama 32 kwa wadi ya wastani. Ukigawa kwa maeneobunge 290 unapata kama 160. Chama huweka ajenti mmoja anayelinda wagombea wake wote, na gharama inagawanyika. Wewe utalipa peke yako watu 32, uwalishe tangu alfajiri, na uwafundishe. Ajenti asiyejua kazi hana tofauti na kiti kitupu. Afundishwe kula kiapo cha siri, kuhakikisha masanduku ni matupu kabla ya kufungwa kwa lakiri na kuandika nambari za lakiri, kupinga papo hapo karatasi iliyohesabiwa vibaya, na kutotoka kabla Fomu 36A, yaani fomu ya matokeo ya uwakilishi wadi ya kituo hicho, haijajazwa, kutiwa saini na kubandikwa mlangoni. Aipige picha fomu, tarakimu zote zionekane. Akikataa kutia saini aandike sababu, kwani kukataa kimya hakubatilishi matokeo. Kesi ya kupinga matokeo hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya kutangazwa, na dhamana ya kesi ya wadi ni shilingi 100,000. Bila picha 32 za fomu, hiyo ni pesa ya kutupa.

Kama huwezi kupata watu 32 wa kuaminika katika wadi yako wenyewe, tungekushauri usubiri uchaguzi mwingine. Mgombea aliyewahi kuongoza SACCO, kamati ya maji, timu ya kijiji au jumuiya ya msikiti ana watu hao tayari, na ndiyo sababu wagombea huru wanaoshinda ngazi ya wadi mara nyingi ni wa aina hiyo.

Mgombea huru akishashinda, anaweza kuingia chama kilicho serikalini ili alete maendeleo? — Msomaji, Nakuru

Akifanya hivyo amepoteza kiti. Katiba inasema hivyo kwa wabunge na maseneta katika Kifungu cha 103, na kwa Wawakilishi Wadi katika Kifungu cha 194. Anaweza kushirikiana na upande wowote na kupiga kura pamoja nao, lakini kadi ya chama hawezi kuichukua hadi muhula uishe.

Sisi wa Meru tulimchagua gavana asiye na chama, na miaka mitatu hatukupumzika. Je, kosa ni kuchagua mtu? — Msomaji, Meru

Pole sana, Mama. Swali lako linaumiza, na linastahili jibu la wazi.

Kawira Mwangaza alishinda ugavana mwaka 2022 kama mgombea huru, akiwashinda Kiraitu Murungi aliyekuwa gavana na Mithika Linturi wa UDA. Kabla ya hapo, 2017, mlimchagua kuwa Mwakilishi wa Kike, pia bila chama. Bunge la kaunti lilipitisha hoja ya kumng'atua Desemba 2022, tena 2023, na tena Agosti 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili za kwanza. Mara ya tatu iliafiki, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakubaliana na uamuzi huo, naibu wake akashika nafasi. Hatuingii katika madai yenyewe, yamesikilizwa na vyombo vyake. Tunachotaka uone ni hesabu.

Gavana hatumii hata shilingi bila bajeti kupitishwa na bunge la kaunti. Mawaziri wake wa kaunti hupitishwa huko huko. Hoja ya kumng'atua huhitaji theluthi moja ya wajumbe ili ianze, na theluthi mbili ili ipite. Gavana mwenye chama chenye zaidi ya theluthi moja ya viti ana ukuta, maana wapinzani hawafikishi theluthi mbili. Gavana huru anaanza na sifuri. Hata viti maalum havimpi mtu, kwa sababu orodha ni ya vyama. Kila hoja lazima aiombee kura mmoja mmoja, na Mwakilishi Wadi anayeombwa kila wiki hujifunza kupandisha bei.

Lakini chama si dawa ya kila kitu. Granton Samboja wa Taita Taveta alikuwa na chama, Wiper, na bado mwaka 2019 mvutano na bunge lake kuhusu bajeti ulimfikisha kutaka kaunti nzima ivunjwe. Kwa hiyo ukitaka gavana huru 2027, mpigie, ila usiishie kwake. Muulize hadharani wakati wa kampeni: ni Wawakilishi Wadi gani unaofanya nao kazi, wa vyama gani, na mmekubaliana nini kuhusu bajeti ya kwanza? Kisha uangalie karatasi yako ya wadi kwa jicho hilo. Kumchagua gavana huru pamoja na Mwakilishi Wadi ambaye kampeni yake yote ni kumpinga gavana huyo ni kuagiza ugomvi kwa mkono wako mwenyewe, na zahanati ya kijiji ndiyo itakayokosa dawa.

Kwenye ubunge hali ni tofauti. Mbunge mmoja kati ya 349 hahitaji kuungwa mkono na yeyote ili abaki kitini. Ronald Karauri alichaguliwa Kasarani 2022 bila chama, na kazi ya eneobunge inaendelea kama kwa wengine kwa kuwa mgao wa NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge, hautazami chama. Anachokosa mbunge huru ni uzito wakati nafasi za kamati zinapogawanywa, maana wagawaji wakuu ni vinara wa vyama.

Huku kwetu Morogoro tunaambiwa "mafiga matatu": rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Kwa nini Tanzania hatuna mgombea binafsi kama Kenya? — Msomaji, Morogoro

Kwa sababu Katiba ya 1977, katika Ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge, inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili karibu nusu ya maisha yake ya utu uzima. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, ilikubaliana naye. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huo huo kuziba njia. Akarudi mahakamani 2005, akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema suala ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka huo huo, nayo ilimruhusu mgombea binafsi, lakini mchakato ukakwama kabla ya kura ya maoni. Mtikila alifariki Oktoba 2015 akiwa hajaona sheria ikibadilika. Sisi tunaona hukumu ya Arusha ilikuwa sahihi, na kwamba kuchelewa kuitekeleza kunawanyima Watanzania haki ambayo majirani zao wanaitumia.

Hata hivyo mafiga matatu si sheria. Karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani ni tatu tofauti, na unaweza kuzigawa kwa vyama vitatu. Ila kumbuka tofauti moja na Kenya. Viti maalumu vya wanawake bungeni hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge, na mgao hufuata wingi wa kura, wala si wingi wa majimbo. Kura yako ya ubunge kwa mtu wa chama fulani inahesabiwa katika mgao huo hata kama mtu wako ameshindwa. Kenya, aliyeshindwa haongezi kiti hata kimoja cha orodha. Kwa hiyo Tanzania karatasi ya ubunge ina chama ndani yake zaidi, na karatasi ya diwani ndiyo pazuri pa kumfuata mtu.

Mahali pengine pa kumchagua mtu ni ndani ya chama, kwenye kura za maoni, yaani kura za kuwachuja wagombea wa chama. Ukiwa mwanachama, fuatilia nani ni wajumbe wa mkutano utakaopiga kura hizo katika kata yako, kwa sababu mara nyingi mchujo wa kweli hufanyika pale. Ufahamu pia kwamba kuongoza kura za maoni hakumfungi mikono mwamuzi wa juu. Vikao vya ngazi ya taifa vinaweza kumpitisha wa pili au wa tatu, na vimefanya hivyo.

Nikiamua kuchagua mtu, nimpime kwa nini? Wote wanaonekana wema wakati wa kampeni. — Msomaji, Kisii

Mpime kwa kazi ya kiti anachoomba. Mbunge hutunga sheria na kusimamia fedha za umma, kwa hiyo soma kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansard, zinazopatikana kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina lake, uone alisema nini katika Mswada wa Fedha wa kila mwaka, na kama aliwahi kuleta swali lililohusu eneo lenu. Hotuba za mazishini hazimo humo, na ndivyo inavyofaa.

Kwa mbunge anayetetea kiti, chukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu NG-CDF ya eneobunge lenu. Kila eneobunge lina yake kwa kila mwaka wa fedha. Usihangaike na kurasa za mwanzo. Nenda moja kwa moja penye sababu za maoni ya mkaguzi, utafute miradi iliyolipwa lakini haikukamilika, basari zisizo na barua za kuthibitisha kutoka shuleni, na zabuni zilizotolewa bila ushindani. Kisha panda boda uende ukaone darasa linalotajwa kama limeezekwa. Kwa gavana na Wawakilishi Wadi, ripoti za kaunti zinapatikana hivyo hivyo. Humo angalia madeni ya wakandarasi ambayo hayajalipwa, maana deni likipanda kila mwaka huku miradi mipya ikizinduliwa, mtu huyo anajenga jina kwa pesa ambazo hana.

Kwa mgeni asiyewahi kushika ofisi, uliza aliongoza nini na hesabu zake ziliwahi kusomwa mbele ya wanachama lini. Muulize pia atakata nini kwenye bajeti ili alipie anachoahidi. Anayejua kazi atakutajia kifungu cha matumizi, na asiyejua atarudia ahadi kwa sauti kubwa zaidi.